Ombi la Kuwafuta Uanachama Marehemu Kumi na Mmoja wa Mwaka 1887

Praful K. Vyas,
Thornton Heath,
London.
Jumapili, 16 Septemba 1973

Kwa Katibu,
Klabu ya Kriketi ya Kaunti ya Wandleshire,
Thornton Heath.

Bwana Thirlby mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama wa nyumbani mzima, na mbwa wenu mzima. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo limo katika lalamiko la nne.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili ilhali tumetenganishwa na mitaa mitatu tu, katika mji wa Waingereza. Sababu ni wewe mwenyewe. Mwezi Mei mwaka jana, ukiwa umeegemea kaunta ya klabu na glasi mkononi, uliwaeleza wenzako kwamba katika miaka kumi na tisa ya ubwana shauri wa wilaya kule Tanganyika hukuwahi kukataa kusoma ombi la mtu yeyote, maadamu limeandikwa kwa Kiswahili safi, kwa adabu, na malalamiko yake yametiwa namba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la sambusa, nikasikia. Kwa Kiingereza nimekwisha kukuandikia mara nne, na mara nne nimepata kadi yenye picha ya kanisa ikinitaka nivute subira. Nikaona nijaribu njia uliyoisifia mwenyewe. Tena ina faida nyingine: katika halmashauri nzima ya klabu wewe peke yako ndiye unayeweza kuisoma, kwa hiyo itakubidi uwatafsirie wenzako kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na wao wakikutazama usoni.

Kwa faida ya hao watakaotafsiriwa, nieleze mimi ni nani. Nilizaliwa Tanga. Nilikuwa karani bandarini kwa miaka ishirini na mbili, na kwa miaka kumi na minane nilicheza kriketi katika klabu ya jamaa zetu Wahindi, nikiwa mpigaji wa kwanza. Mimi na mke wangu Bharti tulifika London Novemba 1971 na masanduku mawili, na moja lilikuwa na ubao wangu wa kupigia, umefungwa ndani ya kanga ili usipasuke kwa baridi. Aprili 1972 niliomba uanachama kwenu. Uliniambia nafasi ni sitini na zote zimejaa, nikatiwa katika orodha ya kungojea. Lakini kwa kuwa ulikuwa umeniona nikidaka mpira kwa mkono mmoja huku mwavuli uko katika mkono wa pili, ukasema kwa sasa nitaitwa kama mchezaji wa badala.

Mchezaji wa badala, kwa wasiojua, huingia uwanjani mwenzake akiumia, akichelewa treni, au akitamani sigara. Atakimbia, atadaka, atauokota mpira kwenye upupu wa Kiingereza. Haruhusiwi kupiga. Haruhusiwi kurusha. Na akidaka, jina lake haliandikwi: daftari la mechi linaandika neno moja tu, "badala". Hiyo ndiyo sheria ya mchezo na siigombi. Nasema tu kwamba nimeitumikia Jumamosi thelathini na moja, nimedaka mipira ishirini na saba, na ukisoma daftari utadhani siku zote hizo nilikuwa nyumbani nikiangalia televisheni.

Basi majira ya baridi yaliyopita ukanipa kazi. Mwakani klabu itatimiza miaka mia, kitabu kinaandaliwa, na mimi nina mwandiko mzuri, hivyo ukanikabidhi daftari la msimu wa 1887 nilinakili. Ulinieleza kwa heshima kubwa kwamba huo ndio mwaka pekee ambao klabu ilikuwa timu ya kaunti hasa, wakati kaunti yenyewe ilikuwa bado haijamezwa na London, na kwamba wale waungwana kumi na mmoja wenye masharubu, ambao picha yao iko juu ya meko, ndio msingi wa kila kitu mlicho nacho. Nilikwenda nalo nyumbani nimelikumbatia. Kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa jamu, kwa hiyo naamini mimi ni mtu wa kwanza kulisoma katika miaka themanini na sita. Yaliyomo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Matokeo. Timu hiyo ilicheza mechi kumi na mbili. Ilishindwa kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ilinyesha mvua, na pembeni mwa ukurasa mtu ameandika kwamba anamshukuru Mungu. Katika mechi ya tano wote walitolewa kwa mikimbio, yaani pointi, kumi na moja tu, na sita kati ya hiyo waliipata bure, mpira ulipompita kila mtu ukaingia ndani ya kapu la chai na wapinzani wakaona haya kuuchomoa mbele ya kina mama. Nahodha, Kasisi Septimus Crale, alipiga wa kwanza katika kila mechi, na wastani wake ulikuwa mikimbio mitatu. Nilihangaika sana kutafuta kwa nini apangwe wa kwanza, nikaipata sababu ukurasa wa mwisho: rola la kusawazisha uwanja lilikuwa lake, na farasi wa kulivuta alikuwa wake. Farasi huyo alivishwa viatu vya ngozi asije akatoboa majani. Nimefuatilia mwenendo wake kwa msimu mzima. Hakukosa siku hata moja na hakuna mechi iliyopotea kwa kosa lake, lakini katika picha hayumo.

2. Uzoefu wa viwanja vya Uingereza. Kadi yako ya pili ilisema kwamba mtu aliyezoea kupiga juu ya mkeka wa makumbi ya nazi, kama sisi wa Tanga, hataweza nyasi zenu zilizolowa. Nilikubali. Sasa nimesoma kwamba Kasisi Crale alizaliwa jirani kabisa na uwanja huo, alijifunza kutambaa juu ya nyasi hizo, na juu ya nyasi hizo hizo alitolewa kwa mpira wa kwanza mara saba katika kiangazi kimoja. Kama uzoefu wa nyasi ungekuwa dawa, Kasisi angepona. Kwa heshima zote nadhani uzoefu huo ndio ugonjwa wenyewe, na mtu asiyekuwa nao angefaa kutumiwa haraka kabla hajaambukizwa. Mimi nimesimama juu ya nyasi zenu Jumamosi thelathini na moja na nimeanza kusikia dalili.

3. Kujulikana. Katiba inataka mwombaji awe anajulikana vyema na wanachama wawili kwa miaka mitano. Kasisi alijulikana vyema na kaka yake na shemeji yake, wakamdhamini, na waliyoyapata wakayapata. Mimi pia ninao wawili wanaonijua. Mmoja ananiita Patel. Wa pili ananiita Patel vilevile. Mimi ni Vyas, lakini mashahidi wawili wanaokubaliana si jambo la kudharauliwa.

Kadi yako ya tatu iliongeza kwamba mwanachama lazima awe mtu wa tabia ya upole, asiyeleta matata uwanjani. Bwana Edmund Dunmow, yule wa tatu kutoka kushoto katika picha, alipotolewa katika mechi ya tatu alikataa kutoka. Alisimama pale dakika arobaini, amekumbatia wiketi, vile vijiti vitatu, mpaka mama yake alipoitwa. Kwa upande wangu, tangu nifike nchi hii sijakataa kutoka hata siku moja. Sijawahi kuingia.

4. Goti na sambusa. Tarehe 7 Julai niliruka kudaka mpira karibu na ua, nikaudaka, nikaangukia jiwe. Watu walipiga makofi, na wewe mwenyewe ulipaza sauti, "Vizuri sana, Praful!" Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikachechemea hadi kwenye chai. Meza ya chai ina viti kumi na moja, na mchezaji wa badala hunywa akiwa amesimama, kwa hiyo nilisimama kwa mguu mmoja. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya sambusa alizopika mke wangu, na kando yake kadi ndogo, kwa mwandiko wako, imeandikwa kwamba hizo ni sambusa za Bibi Vyas.

Bwana Thirlby, V, Y, A, S. Hukukosea hata herufi. Sambusa ziliingia klabu hii Jumamosi ya kwanza zilipoletwa, bila mdhamini, bila uzoefu wa nyasi, zikawekwa katikati ya meza kwa jina lao kamili. Nilipomsimulia Bharti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Wewe Praful umekuwa mlinzi wa uwanja wa watu, tena bila sare." Tangu siku hiyo anatia pilipili zaidi, kama mtakavyokuwa mmeona.

5. Yule wa 1887. Hili ndilo linaloniuma, na naomba ulitafsiri pole pole. Karani aliyeandika lile daftari alikuwa mtu mwenye hasira, na kila mpira ulipoangushwa aliweka msalaba mdogo. Misalaba ni hamsini na miwili. Waungwana wote kumi na mmoja kwa pamoja walidaka mipira kumi na minne katika msimu mzima. Mtu mmoja peke yake alidaka kumi na tisa. Jina lake katika daftari ni "badala".

Nilikuuliza alikuwa nani. Ulisema labda mtunza bustani, labda baharia aliyekuwa akipita, haidhuru. Halafu ukasema kitabu kitaonekana cha ajabu kikimweka juu ya orodha mtu asiye na jina, na kwamba ingekuwa nadhifu zaidi ile mipira kumi na tisa nimpe Kasisi Crale. Sikumpa. Hapo nilikasirika, Bwana Katibu, na nasema wazi kwamba nilikasirika. Yule mtu alikimbia kiangazi kizima, akaumia vidole, akanywa chai amesimama, na leo hata hiyo mipira mnataka kumpa mwenye farasi.

Nilipotulia, nikaanza kufikiri kikarani. Kwa mujibu wa madaftari yenu, mchezaji aitwaye Badala alidaka kwenye uwanja huu mwaka 1887, na mchezaji aitwaye Badala amedaka kwenye uwanja huu Jumamosi iliyopita. Daftari halitofautishi kati yao hata nukta. Kwa hiyo mbele ya klabu ni mtu mmoja, na mtu huyo ameitumikia klabu kwa miaka themanini na sita mfululizo bila kupiga hata mpira mmoja. Sharti la miaka mitano amelitimiza mara kumi na saba, na mwaka mmoja wa ziada.

6. Nafasi sitini. Mwezi uliopita ulinipa vitabu vyote vya halmashauri nipange rafu. Nilihesabu wanachama. Walio hai ni arobaini na tisa. Nikahesabu tena, nikakuhesabu na wewe. Arobaini na tisa. Wale kumi na mmoja wa kutimiza sitini niliwakuta katika azimio la Machi 1888, lisemalo kwamba wachezaji wote wa msimu uliopita watahesabiwa wanachama bila kikomo. Waliopitisha azimio ni wao wenyewe. Hakuna aliyewafuta mpaka leo.

Kwa hiyo kwa misimu miwili, Bwana Thirlby, sikuwa nikingojea nyuma ya watu. Nilikuwa nikingojea nyuma ya marehemu. Nafasi yangu ameikalia Kasisi Crale, ambaye amelala makaburini tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na ambaye hata alipokuwa mzima hakuitumia.

Naomba basi halmashauri iwafute. Sitaki waonewe; watendewe kama nilivyotendewa mimi. Waandikiwe barua, wapewe siku kumi na nne za kujibu. Watakaojibu waje wenyewe, wakiwa na pasi zao za kusafiria na ushahidi kwamba wana makao hapa, waketi benchi saa nne uwanja wa ndege, wapigwe picha ya mapafu, waulizwe kama wanakusudia kukaa sana na kama wanafahamu kwamba majirani huenda wasipende. Atakayeshinda hayo yote atiwe katika orodha ya kungojea, chini yangu. Asiyejibu ahesabiwe kuwa ameondoka kwa hiari. Kama halmashauri itaona huruma kwa ajili ya masharubu yao, basi waruhusiwe kuwa wachezaji wa badala, maana kwa jinsi daftari linavyoeleza walivyokuwa wakidaka, wakisimama uwanjani leo hakuna atakayegundua tofauti.

Sasa niseme ninachokitaka, bila mzaha. Mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi tarehe 29. Bwana Gadd amevunjika kidole gumba na nafasi ya mpigaji wa kumi na moja iko wazi. Nina umri wa miaka arobaini na sita. Daktari ameliangalia goti langu akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia karani, akashangaa. Msimu mwingine sina hakika nao. Nataka kupiga. Nataka kutembea kutoka bandani hadi katikati ya uwanja na ubao mkononi, mtu anirushie mpira, nami niupige au unitoe, na karani aandike Vyas. Hata nikitolewa kwa mpira wa kwanza, nitakuwa nimefanana na Kasisi na mtanipa picha juu ya meko.

Najua jibu lako la kawaida, kwani kila nikikukuta dukani huniambia kwa Kiswahili, "Ngoja kidogo, Praful." Nakuomba usiliandike tena. Watu wa wilaya uliyoitawala waliniambia kwamba waliomba kisima mwaka 1949, wakaambiwa wangoje kidogo, na bendera ya Waingereza ikashuka kabla hiyo kidogo haijaisha.

Nisalimie mama wa nyumbani, na Bwana Gadd na kidole chake, na wanaokata mikate ya chai, na wale wawili wanaomjua Patel. Bharti anakusalimu na kuuliza kama pilipili inatosha. Na Jumapili ukipita makaburini, msalimie Kasisi, umwambie sina chuki naye, ila ahame.

Ni mimi, ninayengojea kwa kusimama,

Praful K. Vyas

Nyongeza, Alhamisi tarehe 20.

Barua hii sikuituma Jumatatu. Niliogopa Kiswahili changu kisije kikawa na makosa, nawe ulifaulu mtihani wa serikali, kwa hiyo nikapanda basi kwenda Lewisham kwa Severin Mhando ili anisahihishie. Severin anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini; alimfuata binti yake Lydia, ambaye ni muuguzi. Kule Tanga ndiye aliyetunza uwanja wa klabu yetu tangu 1952. Kila jioni, akimaliza kuutandika mkeka, alikuwa akiturushia mipira ya mazoezi, mmoja baada ya mwingine, mpaka sisi tuchoke. Upigaji wangu wote aliutengeneza yeye kwa mkono wake.

Aliisoma yote. Alisahihisha makosa tisa. Alicheka kwenye farasi, akamwita Lydia aliyekuwa jikoni ili amsomee pale pa mama yake Dunmow. Kisha akaikunja vizuri, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ile barua yake ya mwaka 1958 niliipata.

Niliipata. Mimi nilikuwa katibu. Alikuwa ameomba apige katika mechi moja ya Jumapili, yoyote ile. Aliandika kwa adabu na akatia namba. Katiba yetu nayo ilikuwa na sharti la kujulikana miaka mitano, tulilinakili kwenu Waingereza, na yeye tulikuwa tukimjua kwa miaka sita, sote, kwa jina. Nilimjibu kwamba shauri lake linaangaliwa. Nikaiweka barua chini ya birika la chai ili lisiunguze meza. Sikumtia hata katika orodha, kwa sababu hatukuwa nayo. Nafasi zilikuwa tele.

Nilimwambia hivyo hivyo kama nilivyokuandikia hapa. Lydia alituacha, akarudi jikoni. Severin alisema, "Nilidhani imepotea posta," akanimiminia chai.

Kwa hiyo, Bwana Katibu, hayo niliyoandika juu kuhusu haki yangu yasome au yaache. Nilijaribu kuandika kwamba tupewe nafasi mbili, lakini kidole cha Bwana Gadd ni kimoja. Tarehe 29 mpe Severin Mhando. Ana miaka hamsini na mmoja, siku hiyo hana zamu, na ubao nitamwazima. Amekubali kwa sharti moja, kwamba jioni zote zilizobaki nimrushie mimi mipira ya mazoezi mpaka yeye achoke.

Tulianza jana, kwenye uwanja wa wazi nyuma ya hospitali. Nilirusha mpaka mkono ukafa ganzi. Yeye bado alikuwa hajachoka.